Chatboti na Maswali Makubwa ya Maisha: Mizani ya Benaco

Programu za akili unde zinazojibu kwa maandishi, ambazo wengi huziita chatboti, zimeingia kwenye simu za Watanzania kabla maelezo yake hayajaingia. ChatGPT ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Leo mwenye simu janja na bando la siku anaiandikia programu ya aina hiyo kwa Kiswahili na kujibiwa papo hapo, iwe saa sita mchana au saa nane usiku. Wengi huiuliza habari za shule, barua za kuomba kazi na matumizi ya mbolea. Wapo pia wanaoiuliza mambo mazito: ninaishi kwa ajili ya nini, kwa nini mimi nilipona na wenzangu wakafa, nifanye nini na miaka niliyobakiza.

Hapo ndipo mjadala unapovurugika. Mmoja atasema huyo ni daktari wa bure. Mwingine atataka kitu hicho kipigwe marufuku. Wa tatu atakiona ni ramli ya kisasa. Kila mmoja ana mfano wa kumtetea, kwa sababu mambo matatu yamechanganywa: kutibu ugonjwa wa akili, kutoa ushauri nasaha, na kumsaidia mtu kujitafakari. Uchambuzi huu unashughulika zaidi na hilo la tatu, hasa pale linapoegemea tiba ya udhanaishi, falsafa inayohoji maana ya kuishi, na unalipima kutokea Benaco, wilayani Ngara, pamoja na jirani yake Biharamulo, mkoani Kagera katika Kanda ya Ziwa. Eneo hilo limebeba maswali ya kuishi na kufa kuliko sehemu nyingi za Tanzania, na wataalamu wa kuyasikiliza wako mbali.

## Udhanaishi unapogeuka kuwa tiba

Msomaji wa Kiswahili ameujua udhanaishi zaidi kupitia riwaya. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, katika Kanda hiyo hiyo ya Ziwa, aliwaweka wahusika wake mbele ya swali la kama maisha yana maana. Kazimoto wa *Kichwamaji* (1974) analemewa na swali hilo na mwisho anajiua. Huko Ulaya na Marekani, madaktari wa akili walilichukua swali lile lile wakalifanya mlango wa kuponyea.

Viktor Frankl, daktari wa Vienna, alipelekwa kambi ya Theresienstadt mwaka 1942, kisha Auschwitz na kambi nyingine, akakombolewa mwaka 1945. Kitabu alichokitoa mwaka uliofuata kilieleza kwamba mtu huweza kuvumilia mengi akiwa na jambo linalomdai aendelee kuishi: kazi aliyoianza, mtu anayempenda, au namna anavyoamua kuyabeba mateso yasiyoepukika. Mwaka 1980 Mmarekani Irvin Yalom aliyapanga mahangaiko ya msingi ya binadamu katika mafungu manne: kifo, uhuru pamoja na wajibu wake, upweke, na kukosa maana.

Tiba hii haianzi na orodha ya dalili. Mshauri wake hampi mtu maana ya maisha yake. Anauliza, anangoja, na akiona mwenzake anakwepa humwambia waziwazi kwamba anakwepa. Nguzo yake ni wajibu: mtu anakiri mbele ya mwingine kwamba hili nimelichagua, hili nitalibeba. Nguzo hiyo ndiyo itakayotumika hapa kupimia chatboti.

## Maswali ambayo Benaco imeyarithi

Benaco ya leo ni mji mdogo wa njiapanda. Barabara moja inashuka hadi Rusumo, kwenye daraja la Mto Kagera na mpaka wa Rwanda. Nyingine inakwenda Ngara mjini na Kabanga, mpaka wa Burundi. Ya tatu inarudi Lusahunga na Nyakanazi, wilayani Biharamulo, njia ya malori yanayotoka Dar es Salaam. Kwa msafiri ni mahali pa kula, kulala na kungoja kuvuka.

Mwaka 1994 jina hilo lilisikika dunia nzima. Kuanzia tarehe 28 Aprili, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda, iliyokuwa katika mauaji ya kimbari, walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ikasema haijawahi kuona umati mkubwa namna hiyo ukikimbia kwa muda mfupi namna hiyo. Wenyeji, Wahangaza na Washubi, wakajikuta wachache katika ardhi yao, kuni na maji vikigombewa. Desemba 1996 serikali ilitaka Wanyarwanda wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo, na mamia ya maelfu wakalivuka tena daraja lile lile, wengi wakiwa na hofu. Wakimbizi wa Burundi walibaki katika kambi ya Lukole, huko huko Ngara, kwa miaka mingine kadhaa.

Umati ule haukuwa wa namna moja. Walikuwemo watoto, wajane, na watu waliokuwa wameua. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa kiongozi wa komuni ya Rusumo ng'ambo ya daraja, alikuwa miongoni mwa waliofika Benaco. Alikamatwa Kigoma mwaka 2001. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari mwaka 2004, na mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikampa kifungo cha maisha.

Maswali ya Lukole yalikuwa ya namna nyingine. Mtafiti Simon Turner, aliyefanya utafiti kati ya wakimbizi hao mwishoni mwa miaka ya 1990, alikuta manung'uniko kwamba UNHCR imechukua nafasi ya mume na baba, kwa kuwa chakula, turubai na sufuria vilitoka kwake. Jambo hilo halina jina la ugonjwa, lakini linamla mtu: nani ananihitaji, hata niamke asubuhi? Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu kambi za wakimbizi wa Rwanda na Burundi, ulikadiria kwamba karibu nusu ya wakazi walikuwa na matatizo makubwa ya afya ya akili.

Kisha likaja suala la uraia. Julai 2013 serikali iliwapa wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya magharibi wiki mbili waondoke, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga. Walioguswa ni pamoja na watu waliokuwa wameishi Kagera miongo kadhaa, wameoa na kuolewa huko. Kwa familia zilizogawanyika, swali la "mimi ni wa wapi" lilikoma kuwa la darasani.

Kwa hiyo anayelala Benaco na mawazo yake anaweza kuwa aliyenusurika, aliyetenda, mwenyeji aliyepoteza msitu na shamba, au kijana aliyezaliwa baada ya yote hayo na bado anayakuta mezani kwa wazazi wake. Maswali yao yanafanana kwa maneno, lakini hayafanani kwa uzito.

## Vyaelea vimeundwa

Ili kupima chatboti lazima ijulikane imeundwaje. Ya kwanza kujulikana sana ni ELIZA, iliyoandikwa na Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT na kuelezwa hadharani mwaka 1966. Ilichukua maneno ya mtumiaji na kuyageuza swali. Ukisema una huzuni, inauliza kwa nini una huzuni. Katibu wa Weizenbaum, aliyejua fika kwamba hiyo ni programu, alimwomba bosi wake atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Weizenbaum alishtuka, na mwaka 1976 akatoa kitabu cha kuonya kwamba ziko kazi ambazo mashine haipaswi kukabidhiwa hata ikiziweza.

Chatboti za leo zina uwezo mkubwa kuliko ELIZA, lakini tabia ile ya kumrudishia mtu maneno yake imebaki. Zimesomeshwa maandishi mengi mno, sehemu kubwa ya Kiingereza, na kazi yake ni kukadiria neno gani lifuate. Baada ya hapo hurekebishwa kwa kufuata majibu ambayo binadamu wanayapenda. Hatua hiyo ya pili ndiyo inayozaa kujipendekeza. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ililazimika kuliondoa toleo jipya la ChatGPT siku chache baada ya kulitoa, kwa sababu lilikuwa likimsifu na kumkubalia mtumiaji kupita kiasi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Dereva wa lori amelala Rusumo akingoja kuvuka. Anaandika: "Baba alikufia kwenye barabara hii hii. Naona na mimi nasubiri zamu yangu." Ikiachwa ijibu itakavyo, chatboti ya kawaida itampa pole, itamsifu kwa ujasiri wa kusema, kisha itamwandikia orodha: apumue taratibu, afanye mazoezi, azungumze na mtu anayemwamini. Hakuna uongo hapo, ila swali limefukiwa chini ya orodha. Dereva huyo akiielekeza kwanza, "Usinipe ushauri. Niulize swali moja moja, na nikikwepa niambie," mazungumzo hubadilika. Inaweza kumuuliza: zamu hiyo ikifika kesho, ni jambo gani ungejutia kuliacha bila kulimaliza? Hilo ni swali ambalo Yalom angelitambua. Naye akijibu, "Mwanangu wa kwanza, hatujasemezana tangu Pasaka," itamletea swali jingine zuri. Lakini asipompigia mwanawe wiki nzima, hakuna mtu upande wa pili wa mazungumzo hayo atakayeumia.

Katika mfano huo mmoja zimo faida ya chombo hiki na upungufu wake. Pande tatu za mjadala zinatofautiana juu ya kipi kina uzito zaidi.

## Hoja ya kwanza: bora hicho kuliko kukosa kabisa

Wanaoshika msimamo huu wanaanza na umbali. Wataalamu wa afya ya akili nchini ni wachache na wengi wako mijini. Kutoka Benaco hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, ni safari ndefu. Hadi hospitali ya afya ya akili ya Mirembe, Dodoma, ni ndefu zaidi. Nauli, chakula na siku za kazi zinazopotea ni gharama ambayo mkulima wa Ngara hawezi kuibeba kwa sababu tu anajiuliza maana ya maisha. Naye huenda si mgonjwa, kwa hiyo hata akifika hospitali hana cha kuandikiwa kwenye cheti.

Pili, kuna aibu. Katika mji mdogo habari husafiri haraka. Mwanamume atakayesema hadharani kwamba anaogopa kifo, au mama atakayesema hajui kama anawapenda wanawe, ataogopa kusemwa. Kwa mashine hakuna umbea wa kijiweni.

Tatu, kuna ushahidi. Machi 2025 watafiti wa Dartmouth, Marekani, walichapisha jaribio la chatboti yao, Therabot, kwa watu wazima 210. Mwishoni mwa jaribio, dalili za sonona kwa walioitumia zilipungua kwa wastani wa asilimia 51, na za wasiwasi asilimia 31. Lilikuwa jaribio la kisayansi lenye kundi la kulinganisha.

Udhaifu wa msimamo huu uko katika ushahidi huo huo. Therabot ilitengenezwa kwa makusudi, kwa mazungumzo yaliyoandikwa na wataalamu, na watafiti waliufuatilia ujumbe uliokuwa ukiandikwa. Programu ya bure iliyomo kwenye simu haina mlinzi wa namna hiyo. Tena kilichopimwa ni dalili za ugonjwa, kwa Kiingereza, kwa Wamarekani. Hakuna kilichopimwa kuhusu mtu anayetafuta maana kwa Kiswahili akiwa anawaza kwa Kihangaza au Kirundi, lugha ambazo chatboti hizi zinazijua kidogo mno kulinganisha na Kiingereza.

Kuna pia suala la kudumu. Woebot, mojawapo ya chatboti za afya ya akili zilizojulikana zaidi, iliyoanza mwaka 2017, ilifunga programu yake tarehe 30 Juni 2025. Aliyeizoea aliachwa bila mrithi. Na hoja ya "bora hicho" inasahau kwamba simu janja haijagawanywa sawa: bibi mwenye kitochi, ambaye huenda ndiye aliyeyaona mengi zaidi mwaka 1994, hayumo kabisa katika hesabu hii. Methali husema mgonjwa haulizwi uji, lakini kutomuuliza si ruhusa ya kumpa chochote kilicho karibu.

## Hoja ya pili: mashine isiguse nafsi ya mtu

Upande huu unaanza na hatari. Oktoba 2025 OpenAI ilisema takriban asilimia 0.15 ya watumiaji wake wa kila wiki huwa na mazungumzo yenye dalili za wazi za kupanga kujiua. Kampuni hiyo wakati huo ilitaja watumiaji zaidi ya milioni 800 kwa wiki, kwa hiyo asilimia hiyo ndogo inazidi watu milioni moja. Miezi miwili kabla, jimbo la Illinois nchini Marekani lilikuwa limepitisha sheria inayokataza akili unde kutoa tiba ya kisaikolojia bila mtaalamu mwenye leseni.

Kwa tiba ya udhanaishi, upande huu una hoja nzito zaidi, nayo ni hatia. Katika tiba nyingi hatia huchukuliwa kuwa mzigo wa kupunguzwa. Udhanaishi unatofautisha hatia inayomtesa mtu bure na hatia inayomweleza ukweli juu ya alichokifanya. Mji uliowahi kuwapokea aliyekimbia na aliyeua ndani ya foleni moja ya chakula unajua tofauti hiyo ina maana gani. Chatboti inapata habari kutoka kwa msimuliaji peke yake. Akisimulia kwamba alilazimishwa, itamfariji kama aliyelazimishwa. Haina jirani wa kumuuliza, haikuwepo kwenye gacaca, mahakama za kijamii za Rwanda, na haiwezi kumtazama usoni. Hali hiyo ikichanganyika na tabia ya kukubali kila kitu, mashine inaweza kumpa mtu usafi ambao hakupewa na yeyote mwenye haki ya kuutoa.

Hoja nyingine inahusu upweke. Yalom aliona kwamba upweke wa binadamu hauondolewi, ila hubebeka pale mtu anapokutana kweli na mwingine. Kukutana huko kunahitaji wawili wanaoweza kuumia. Programu inayopatikana saa zote, isiyochoka na isiyokasirika, inaweza kumzoesha kijana mazungumzo ambayo hakuna ndugu atakayeyaweza, naye akajitenga zaidi.

Hata hivyo msimamo huu una nyufa zake. Marufuku ya Illinois inawalenga wanaouza huduma kwa jina la tiba. Haiwezi kumzuia mtu kuandika mawazo yake usiku. Tanzania ikitunga sheria kama hiyo, Benaco hakuna kitakachobadilika. Kisha wapingaji huilinganisha mashine na mshauri bora kabisa, wakati kitu ambacho wengi wangepata badala yake ni ukimya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na si kila sikio la binadamu ni salama: wapo waliofungua mioyo yao kwa mtu wa kuaminika wakasikia habari zao sokoni kesho yake.

## Hoja ya tatu: watu kwanza, mashine msaidizi

Msimamo wa tatu unahoji dhana ambayo pande mbili za kwanza zinaikubali kimyakimya, kwamba chaguo ni kati ya mtaalamu na mashine. Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka jirani kabisa. Mwaka 2003 jarida la JAMA lilichapisha jaribio lililofanywa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda. Rakai inapakana na Kagera. Watu wa kawaida wa maeneo hayo walifundishwa kwa muda mfupi kuongoza vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali, mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya waliokuwa vikundini walikuwa na sonona. Mwishoni ilikuwa asilimia 6.5. Kwa wasiokuwa na vikundi, ilishuka kutoka asilimia 94 hadi karibu 55 tu.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, jaribio lililochapishwa mwaka 2008 liliwahusu wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Washauri waliofunzwa, wasio madaktari, waliwasaidia walioumizwa na vita kuyasimulia maisha yao kwa mpangilio, tangu kuzaliwa. Huko Byumba, kaskazini mwa Rwanda, tangu mwaka 2005 vikundi vya Mvura Nkuvure vimekuwa vikiwakutanisha majirani, wakiwemo walionusurika na jamaa za waliotenda, wapate kuaminiana tena hatua kwa hatua. Hakuna kimoja kati ya hivyo kilichohitaji intaneti.

Mashine inaingia wapi? Mfano mzuri ni huduma ya PROMPTS ya shirika la Jacaranda Health nchini Kenya, inayowahudumia wajawazito na wazazi kwa ujumbe mfupi wa kawaida, hata kwenye kitochi. Akili unde inasoma maswali na kuyapanga, na yaliyo ya hatari yanafikishwa haraka kwa mhudumu binadamu. Hapo programu inafanya kazi ya kupokea na kupanga. Uamuzi mgumu una mtu anayewajibika.

Ngara ina misingi ya kujengea jambo kama hilo. Redio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji, imezoea kuzungumza na watu wa pande zote za mpaka. Kuna parokia, misikiti, hospitali za makanisa, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na vikoba ambavyo tayari vinakutanisha watu wale wale kila wiki.

Udhaifu wa njia hii ni gharama na uchovu. Vikundi vinahitaji kufunzwa, kusimamiwa na kulipiwa nauli. Miradi mingi ya eneo hili ilikuja na wakimbizi ikaondoka nao. Katika kikundi kidogo siri ni ngumu, na mtenda kosa hawezi kulazimishwa kukaa na aliyemkosea kabla ya wakati wake. Kwa mtu kama huyo, kuandika peke yake kunaweza kuwa hatua pekee anayoiweza mwanzoni.

## Siri, sheria na laini ya simu

Pande zote tatu hulipitia haraka suala la faragha, nalo mpakani lina uzito wa pekee. Laini ya simu Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Anayeiandikia chatboti habari za kuzaliwa kwake, wazazi wake walivuka lini na kwa karatasi gani, anayaweka maelezo hayo kwenye kompyuta za kampuni iliyo nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazipa taarifa za afya ulinzi maalumu, na Tume yake ipo. Lakini kwa mtu wa Benaco kuidai kampuni ya ughaibuni haki hiyo ni safari ndefu kuliko ya Dodoma. Na hatari ya kila siku ni ya karibu zaidi: simu inayotumiwa na familia nzima, mazungumzo yakiwa yamehifadhiwa humo bila nywila.

Kisha kuna sheria ya jinai. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha aina hiyo kinakiuka katiba. Kuwaza si kosa popote, lakini adhabu hiyo inawafanya watu waogope kumwambia mhudumu wa afya, na hivyo inawasukuma kwenye mashine ambayo ndiyo isiyofaa zaidi kwa saa hiyo. Anayetaka chatboti zisitumiwe wakati wa hatari aanze kwa kuufungua mlango wa zahanati.

## Kupima hoja kwa mambo manne

Mafungu ya Yalom yanasaidia kuona chatboti inafaa wapi.

Katika maana, inafaa kwa kiasi. Inaweza kufanya kazi kama daftari linalojibu: kumsaidia mtu apange mawazo, aone anarudia neno gani, ajiulize kazi yake na watu anaowapenda wanamdai nini. Sharti ni mtumiaji aikataze kutoa orodha za ushauri na aitake imhoji.

Katika uhuru na wajibu, inafungua lakini haifungi. Inaweza kumfikisha mtu kwenye uamuzi. Haiwezi kuwa shahidi wa uamuzi huo, kwa sababu hakuna anachokuwa amemwahidi yeyote. Hapa ndipo kundi, ndugu au kiongozi wa dini anahitajika, hata kwa dakika chache.

Katika upweke, faida yake ni ya muda mfupi. Usiku mmoja inasaidia. Miezi sita ya kuitegemea inaweza kuongeza tatizo lililoletwa kwake.

Katika kifo, pamoja na hatia ya damu, haifai kusimama peke yake. Mwenye mawazo ya kujiua anahitaji mtu aliye hai karibu naye. Mwenye hatia ya kweli anahitaji kusikilizwa na wanaohusika, kwa utaratibu unaomlinda kila mmoja.

Kutokana na hayo, hoja ya kwanza ina haki kuhusu uhaba, lakini inachukua takwimu za tiba ya ugonjwa na kuzitumia kwa kazi nyingine. Hoja ya pili imeiona vizuri tabia ya kukubali kila kitu, lakini dawa yake ya marufuku haifiki Benaco. Hoja ya tatu ndiyo iliyo imara, kwa sharti kwamba isigeuke kuwa mradi wa miaka miwili unaoondoka na gari la mfadhili.

## Muhtasari

Chatboti inaweza kuwa chombo halali cha kujitafakari kwa mtu mzima mwenye utulivu, anayejua inafanyaje kazi, anayeielekeza imhoji badala ya kumbembeleza, asiyeandika majina wala habari za uraia, na aliye na mtu mmoja atakayempelekea alichokigundua. Likikosekana sharti hilo la mwisho, faida hupungua sana, kwa sababu tiba ya udhanaishi husimama juu ya kuwajibika mbele ya mwingine, na mashine haina la kumdai mtu.

Kwa viongozi wa Ngara na Biharamulo, fedha za kwanza ziende kwa watu: viongozi wa vikundi waliofunzwa, vipindi vya redio vinavyoeleza chatboti ni nini na si nini, na wahudumu wa afya wanaojua kupokea habari nzito bila kuitangaza. Programu ifuate baadaye, kwa Kiswahili chepesi, kwa njia inayofika hadi kwenye kitochi, na iwe na namba ya mtu wa kumpigia. Kwa watunga sheria, kifungu cha 217 kinastahili kutazamwa upya kabla ya kufikiria kuzidhibiti programu hizi. Kwa mtumiaji wa kawaida kipimo ni kimoja: ikiwa baada ya kuandika unazungumza zaidi na watu wako, chombo kinakusaidia, ikiwa unazungumza nao kidogo kuliko zamani, kiweke chini ukamtafute mtu.